Picha Zimefika, Majina Bado

Kila inapokaribia Januari, na tena inapofika Aprili, simu za watu wa Unguja na Pemba hujaa vipande vya filamu za kale. Sultani anashuka ngazi huku bendi ikipiga, mahamali wanapakia magunia ya karafuu kwenye jahazi, Mzee Karume anahutubia umati uliofurika uwanjani. Kila kipande hupita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine kikisindikizwa na maneno yale yale ya furaha, kwamba historia yetu imerudi, tena bure. Furaha hiyo naielewa na nina fungu langu ndani yake. Hata hivyo naamini tumeisoma vibaya hali yenyewe. Zilizofunguliwa ni picha. Kumbukumbu, yaani ujuzi wa nani anaonekana, mahali gani, mwaka gani, kwa kazi ya nani na kwa faida ya nani, bado imefungwa, na sehemu yake kubwa haimo kabisa katika hifadhi za London wala Washington. Imo vichwani mwa wazee wa Wete, Makunduchi na Malindi, ambao hatuwaulizi. Watu wa nje wamefanya sehemu ya kazi iliyowafaa wao. Sehemu iliyobaki, ya kuzitaja picha hizo kwa majina yake, hakuna anayeweza kuifanya isipokuwa sisi, na umri wa wanaojua majina hayo unasonga.

Yafaa kwanza kujua filamu hizi zimetoka wapi, kwa sababu wengi hudhani kuna mamlaka moja iliyoamua kuzitoa. Zimekuja kwa mafungu, kila fungu na nia yake. Mwaka 2010 vyuo vikuu na taasisi kadhaa za Uingereza, zikiwemo British Film Institute na Imperial War Museum, zilifungua katalogi ya pamoja ya filamu za makoloni. Ina maelezo ya filamu zaidi ya 6,000, lakini zinazoweza kutazamwa pale pale zimezidi 150 kidogo tu. Aprili 2014 British Pathé, kampuni iliyokuwa ikitengeneza habari fupi za kuonyeshwa sinema kabla ya filamu yenyewe, iliweka YouTube filamu zipatazo 85,000. Julai mwaka uliofuata Associated Press na British Movietone wakafanya vivyo hivyo kwa habari zaidi ya 550,000. Upande wa Marekani kuna Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambayo ndani yake umo mkusanyiko mashuhuri wa Rick Prelinger wa filamu za matangazo, za mafunzo na za familia. Na kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo, yenye habari za sinema za Universal za tangu 1929 hadi 1967, ambazo wenyewe waliziachia haki zao katika miaka ya 1970. Ukizitazama hizi kwa pamoja unaona wafunguaji wa namna mbili. Mmoja ni mtunzaji wa mali ya umma. Mwingine ni mfanyabiashara, na kwake YouTube ni dirisha la duka: unaonyeshwa kitambaa bila malipo ili mwenye kutaka kukata nguo aingie ndani alipe. Simlaumu mfanyabiashara kwa biashara yake. Lakini ni lazima tukumbuke kwamba maelezo aliyoyabandika chini ya kila filamu aliyaandika kwa ajili ya mnunuzi wake, mtayarishaji wa televisheni wa London au New York, na maneno anayotafuta mnunuzi huyo ni malkia, sultani, ziara na majeshi.

Hapo ndipo neno bure linapoanza kutikisika. Kutazama bure ni jambo moja, kupakua ni jambo la pili, na kuitumia filamu katika kazi yako ni jambo la tatu lenye sheria zake. Jukwaa la kutazamia filamu la British Film Institute lina mamia kwa mamia ya filamu za bure, lakini limefungiwa watazamaji walio Uingereza, kwa hiyo picha iliyopigwa Forodhani inaweza kutazamwa bila malipo na mtu aliyeketi Leicester, naye aliyeketi Forodhani akaambiwa kwamba haipatikani katika nchi yake. Kijana wa hapa anayetaka kutengeneza makala ya kupeleka Tamasha la Filamu la Zanzibar, lile linalofanyika Ngome Kongwe, akihitaji sekunde thelathini za sherehe za uhuru wa 1963, atatakiwa kununua leseni kwa wenye filamu, ambao bei zao hupangwa kwa sekunde au kwa dakika. Analipia sura za babu zake. Na hata huyo anayetazama tu analipa, kwa sababu saa moja ya video hula bando ambalo mwanafunzi wa Micheweni angelitumia kwa wiki nzima ya kusoma. Sisemi haya ili kuwakatisha watu tamaa. Nasema ili tujue ni wapi ambapo bure ni bure kweli, kwa sababu mahali hapo papo na hatupatumii.

Mfano mmoja uko Tunguu. Mwaka 1960 Marekani ilianza kujenga huko kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya Mercury, mradi wake wa kupeleka watu angani, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye kwa redio. Kituo hicho kilizusha mabishano makali ya kisiasa tangu siku za mwanzo, na Aprili 1964, miezi mitatu baada ya Mapinduzi, kilikuwa kimeondolewa. Filamu za mradi wa Mercury zilizotengenezwa na NASA, shirika la anga la nchi hiyo, ni kazi ya serikali ya Marekani, na kazi za serikali hiyo hazina hakimiliki nchini mwao. Kwa hiyo zinapakuliwa, zinakatwa na kutumiwa bila kumwomba mtu ruhusa. Ni sehemu ya historia yetu iliyo wazi kuliko nyingine yoyote niijuayo. Lakini mtoto wa skuli ya Tunguu akiandika jina la kijiji chake katika sehemu ya kutafutia hataipata, kwa kuwa katika katalogi mada ni Mercury na rubani ni Glenn, na kijiji kilichosikiliza sauti yake hakikuonekana kuwa na haja ya kuandikwa.

Jambo hili la maneno ya kutafutia ni zito kuliko linavyodhaniwa, na ndipo ningependa tukae kidogo. Mtafutaji wa Kiswahili huandika kile anachokitafuta. Mwandishi wa katalogi aliandika kile alichokiona kuwa na thamani. Mitaa ya Mji Mkongwe ya mwaka 1956, pamoja na watu waliojipanga kandokando ya njia, baiskeli zao, kofia zao na madirisha yaliyojaa watoto, imehifadhiwa chini ya jina la Princess Margaret, ndugu wa malkia wa Uingereza, aliyezuru mwaka huo. Usipoandika jina lake hutaiona mitaa yenyewe. Usiku wa kushushwa bendera ya Uingereza, Desemba 1963, huupata kwa urahisi zaidi ukimtafuta mume wa malkia, aliyekuja kumwakilisha mkewe, kuliko ukimtafuta Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, mara nyingi hana jina lolote. Anaitwa Sultani wa Zanzibar tu, na inambidi mtafutaji apambanue kwa mwaka kama ni yeye, mwanawe Abdullah au mjukuu wake Jamshid. Mwenye kutafuta miaka ya baada ya Mapinduzi naye ajue kwamba Wajerumani huandika Sansibar. Ujerumani Mashariki ilipata huku, mwaka 1964, utambuzi wake wa kwanza katika Afrika, ikajenga nyumba za maendeleo za Kikwajuni na Kilimani, na wapiga picha wake walifuata nyayo za mafundi wake popote walipokwenda. Hifadhi ya kampuni ya Progress, inayoshika filamu za DEFA, kampuni ya filamu ya serikali ya nchi hiyo iliyokwisha kutoweka, ni mahali ambapo Mzanzibari anapaswa kupekua, na hataambulia kitu kama hajui herufi hiyo moja.

Na Pemba ndiyo iliyopotea zaidi. Ukiandika Pemba, sehemu kubwa ya utakayoyapata ni ya mji wa kaskazini mwa Msumbiji uliokuwa ukiitwa Porto Amélia hadi ulipobadilishwa jina mwaka 1975. Ukiongeza neno karafuu kwa Kiingereza, matokeo yanakuwa ya Zanzibar, na Zanzibar katika akili ya mwandishi wa katalogi ni kisiwa kimoja. Hili ni kosa lenye historia ndefu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliteketeza mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya zao hilo imetoka Pemba. Karafuu ilisafirishwa kupitia bandari ya Unguja, ikauzwa kwa jina la Zanzibar, na filamu zikafuata jina la kwenye gunia. Kwa hiyo kila filamu iliyoandikwa tu kwamba inaonyesha karafuu za Zanzibar ina uwezekano wa kuwa ni ya Pemba, na hakuna aliyeirudishia jina lake.

Niliona jambo hili kwa macho yangu miaka michache iliyopita nikiwa Wete, Pemba. Nilimwonyesha mama mmoja mtu mzima, aliyechuma karafuu tangu utotoni mwake, filamu fupi isiyo na sauti niliyokuwa nayo kwenye simu. Maelezo yake yalisema: wafanyakazi wa karafuu, Zanzibar. Aliisogeza simu karibu na uso, akanitaka niirudishe nyuma, kisha tena. "Hapa si Unguja, mwanangu," akasema. Nikamuuliza, "Umejuaje, bibi?" Akaweka kidole kwenye pembe ya picha ambapo mimi nilikuwa nimeona kivuli tu. Majamvi yalikuwa yametandikwa kwenye ardhi iliyoinama, na mtu mmoja ameketi upande wa chini akiuzuia ukingo wa jamvi kwa mguu ili karafuu zisiporomoke. Halafu akatazama mikono ya wanawake waliokuwa wakichambua, wakikipigisha kila kichala kwenye kiganja ili karafuu ziangukie upande mmoja na makonyo yabaki upande wa pili. Akasema yule wa pili kutoka kushoto si mchambuaji, mkono wake unakwenda kinyume. Bila shaka aliwekwa pale kwa sababu ya kanga yake nzuri. Kwa dakika zisizozidi tano, mtu ambaye hajawahi kuingia katika nyumba ya hifadhi alikuwa ameisahihisha katalogi mahali, ameieleza kazi, na ametia shaka ya haki juu ya mpangilio wa mpiga picha. Niliwaandikia wenye filamu kuwaeleza hayo yote. Maelezo yao hayajabadilika mpaka leo.

Wapo wanaoona kwamba nadai mno. Wanasema kwamba ufunguzi wenyewe unatosha, na hoja yao ina nguvu ambayo lazima ikubaliwe. Zamani aliyetaka kuziona filamu hizi alihitaji pasi, tiketi ya ndege, barua ya chuo kikuu na miadi na mtunzaji wa hifadhi. Leo mtu wa Konde anaziona akiwa barazani, na hakuna mtaalamu anayemchagulia aone ipi na asione ipi. Haya ni mabadiliko makubwa, na mwenye kuyadharau hakumbuki jinsi historia ya visiwa hivi ilivyokuwa ikiandikwa na watu wachache waliobahatika kusafiri. Ninachokiongeza ni kwamba kuona na kujua havifuatani vyenyewe. Filamu isiyo na jina la mahali huzunguka kama picha ya zamani ya kupendeza, watu wakasema masha-Allah, wakaituma mbele, na baada ya wiki hakuna aliyejifunza lolote asilokuwa nalo awali.

Upande mwingine kuna wanaoona kwamba filamu za wakoloni zilitengenezwa kutudhalilisha, na kwamba kuzitafuta ni kuendeleza kazi yao. Nao hawakukosea katika maelezo yao. Kitengo cha Filamu za Makoloni cha serikali ya Uingereza, kilichofanya kazi tangu 1939 hadi 1955 chini ya William Sellers, kiliongozwa na imani kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, kwa hiyo atengenezewe filamu za polepole zenye jambo moja moja. Wakati imani hiyo ikiandikwa kama sayansi, watu wa Unguja walikuwa wakijaza kumbi za sinema za mjini kutazama filamu za Kihindi za saa tatu na za Kimisri zenye visa vilivyosukana, wakitoka wakiimba nyimbo zake njia nzima hadi Ng'ambo. Mtengenezaji wa filamu ya kikoloni, basi, hakuwajua watu aliowapiga picha wala aliowaonyesha. Lakini mimi natoa hitimisho tofauti na lao. Kamera haina uwezo wa kuchukua kile tu ambacho bwana wake amekusudia. Bwana alitaka gwaride, kamera ikachukua pia mwanamke aliyebeba pakacha nyuma ya gwaride, namna alivyojifunga ukaya wake, na ubao wa duka lililofungwa miaka sitini iliyopita. Maneno ya msimulizi tunaweza kuyazima. Kilichobaki kwenye picha ni chetu kukisoma, na tukikataa kukisoma kitabaki na tafsiri ile ile tunayoichukia, kwa kuwa hakuna nyingine iliyoandikwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi, kwamba picha haisemi uongo. Chukua video za vita vya tarehe 27 Agosti 1896, wakati manowari za Uingereza zilipolipiga kasri la Sayyid Khalid kwa muda usiofika saa moja. Zipo video zinazoonyesha mizinga ikifyatuliwa na askari wakikimbia, na watu huzituma kama ushahidi. Sinema yenyewe ilikuwa bado changa mno: huko Paris ilionyeshwa kwa umma wa kulipia Desemba 1895, miezi minane tu kabla ya vita hivyo. Picha za kweli zinazojulikana za siku ile ni picha za mnato za magofu ya kasri. Mizinga inayotembea katika video hizo imetolewa katika filamu za vita vingine na bahari nyingine. Hapa kosa ni jepesi, halimuumizi mtu. Kuna pengine ambapo linaumiza.

Nazungumzia vipande vya Januari 1964. Vingi vimekatwa kutoka Africa Addio, filamu ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi iliyotoka mwaka 1966, ambayo ina sehemu iliyopigwa kutoka angani juu ya Unguja ikionyesha makaburi na maiti. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za biashara, ikatiwa muziki wa kusisimua na msimulizi anayeuona uhuru wa Afrika kuwa ni msiba, kisha ikatolewa katika matoleo tofauti yaliyokatwa kwa namna tofauti. Kipande kinapofika kwenye simu kimekwisha kuvuliwa jina, mwaka na watengenezaji wake, kikavishwa maandishi mapya au kaswida, na kila upande wa siasa zetu hukitumia kuulaani upande wa pili. Watu waliuawa Januari 1964, na familia zao zinaishi miongoni mwetu; ukweli huo hauihitaji filamu ya Jacopetti ili usimame, na kasoro za filamu hiyo haziufanyi kuwa uongo. Kinachohitajika ni kwamba anayekituma ajue anatuma kazi ya nani, na anayekipokea aweze kuuliza nini kilikuwepo kabla ya mkato na baada yake. Kwa jambo lililogusa roho za watu kiasi hiki, kutuma bila kujua ni kuwafanyia uzembe wafu na walio hai.

Hatari hii inakua kwa kasi, kwa sababu sasa kuna programu zinazozitia rangi filamu nyeusi na nyeupe, na nyingine zinazotengeneza mitaa ya Unguja ambayo haikuwahi kuwepo. Rangi hizo hazikutoka katika filamu, kompyuta imezikisia. Tangu tarehe 10 Desemba 1963 hadi Mapinduzi, Zanzibar ilipeperusha bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili katikati. Katika filamu isiyo na rangi duara lile ni doa tu katikati ya kitambaa, na programu isiyoijua historia yetu inaweza kulipaka rangi yoyote. Anayeijua bendera ile, kinyume chake, akiona doa hilo anaweza kusema kwa uhakika wa kutosha kwamba filamu ni ya mwezi mmoja na siku chache, hakuna wakati mwingine. Hii ndiyo elimu ninayoitetea, na watu wa hapa wanayo nyingi kuliko wanavyojua. Treni ikionekana inapita mitaani kuelekea Bububu, tuko kati ya 1905 na mwisho wa miaka ya 1920. Yakionekana majumba ya Michenzani, tumevuka 1970. Beit el Ajaib, iliyojengwa 1883, inatupa alama nyingi zaidi: mnara wake ulipokuwa, hali ya roshani zake, bendera iliyo juu yake. Baada ya sehemu ya jengo hilo kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, filamu za watalii zilizokuwa hazina thamani kwa mtu yeyote zimegeuka kuwa ushahidi kwa mafundi wanaotaka kujua nguzo na roshani zilivyokaa katika miaka tofauti.

Tukikubali kwamba upungufu wetu ni wa maelezo, basi mambo ya kufanya yanabadilika, na mengi hayana gharama kubwa. Taasisi ya Nyaraka pale Kilimani, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na skuli za sekondari za visiwa vyote viwili zingeweza kuanza na orodha moja ya Kiswahili ya filamu zinazohusu Unguja na Pemba zilizo wazi kwenye mtandao, kila moja ikiwa na anwani yake, jina aliloipa mwenye filamu, na kando yake jina tunaloipa sisi. Mwanafunzi apakue filamu mara moja mahali penye intaneti nzuri, aipeleke kwa mzee wake ikiwa tayari kwenye simu, aandike dakika na sekunde ya kila kilichotambuliwa, jina la aliyetambua na namna alivyojua. Hilo la mwisho lisisahauliwe, kwa sababu wazee nao hukosea, na anayesema kwamba amejua kwa mteremko wa ardhi ametupa kitu cha kukagua, wakati aliyesema kwamba anajua tu hakutupa. COSOZA, yenye dhamana ya hakimiliki hapa kwetu, ingetoa mwongozo mfupi wa lugha nyepesi unaoeleza filamu zipi zinaweza kutumiwa na vijana bila woga. Na serikali inapozungumza na nchi zenye filamu zetu, isiishie kuomba nakala kwa maonyesho ya siku moja. Iombe pia haki ya kusahihisha maelezo, ili aliyesema Zanzibar mahali pa Pemba alazimike kujibu.

Lakini linalonishughulisha kuliko hayo ni filamu ambazo haziko London kamwe. Televisheni ya Zanzibar (TVZ) ilianza kurusha matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara, wakati Tanzania Bara ingesubiri televisheni hadi miaka ya 1990. Kwa miaka ishirini kamera za visiwa hivi zilishikwa na watoto wa visiwa hivi. Zilipiga taarabu, maulidi, Mwaka Kogwa, michezo ya Gombani, mikutano ya vijiji ambavyo hakuna mpiga picha wa nje aliyewahi kufika, na juu ya picha hizo mtangazaji alitaja kwa Kiswahili mahali, tukio na watu. Hata hivyo leo ni rahisi zaidi kumwona Princess Margaret wa 1956 kwenye simu yako kuliko kuona sherehe ya Chake Chake ya 1978. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha walitoa tahadhari kwamba kanda za sumaku zinaelekea mahali pasipo na marejeo, kwa sababu mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena na vipuri vyake vinakwisha, wakautaja mwaka 2025 kuwa ndio mwisho wa muda. Mwaka huo umekwisha kutufikia. Joto na unyevu wa pwani havisubiri bajeti: filamu za plastiki za asetati zikianza kuoza hutoa harufu kali ya siki, na harufu hiyo ikishasikika ndani ya chumba, filamu zilizo jirani nazo zimo hatarini.

ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, ndiyo iliyoirithi kazi ya TVZ, na kwa maoni yangu fedha yoyote itakayopatikana kwa ajili ya filamu za kale ingetangulia huko, kabla ya kununua nakala moja zaidi ya filamu ya kikoloni. Sababu yake ni ile ile niliyoanza nayo. Filamu ya Pathé ikipotea leo, ipo nyingine London, na tunachopungukiwa nayo ni majina tu, ambayo tunaweza kuyatafuta maadamu wazee wapo. Kanda ya TVZ ina majina tayari, yamesemwa kwa sauti na mtu aliyekuwepo, na nakala yake nyingine huenda haipo popote duniani.